Mwanao akicheza hoki ya barafu chuoni, usihofie meno

Nahudumia majeruhi katika timu ya hoki ya barafu ya chuo kimoja huku Minnesota, Marekani, na wazazi wenzetu kutoka nyumbani huniuliza kwanza habari za meno. Hayo yasikunyime usingizi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inamlazimisha kila mchezaji kuvaa kinga ya uso mzima. Mapengo mnayoyaona kwenye televisheni ni ya wachezaji wa kulipwa.

Jua kwanza kwamba mechi ndiyo inayoumiza. Takwimu za NCAA za miaka 1988 hadi 2004 zilionyesha wanaume wanaumia kwenye mechi zaidi ya mara 8 kuliko mazoezini. Goti huumia mtu akipigwa kikumbo kwa nje, likaingia ndani, na kano ya upande wa ndani ikavutika au kukatika. Bega huumia ubaoni, yaani kwenye ukuta unaozunguka uwanja: mchezaji hutua kwa ncha ya bega, na pale mtulinga unapoungana na bega panaachana. Ubao hauna masihara. Mwaka 1995 Travis Roy wa Boston University alienda kumpiga mpinzani kikumbo, akaishia ubaoni kwa kichwa, akapooza. Alikuwa amecheza sekunde 11 tu za mechi yake ya kwanza. Mwambie mwanao asiinamishe kichwa akikaribia ubao, hata kama atakuona msumbufu.

Jeraha la kinena halina kishindo, na ndilo linalonitia kazi. Mchezaji anasukuma barafu kwa upande mchana kutwa, misuli ya nje ya nyonga inashiba, ya ndani inabaki nyuma. Basi dawa ni kuimarisha ya ndani tangu kiangazi, kabla ligi haijaanza Oktoba: alale chali, abane mpira katikati ya magoti, ahesabu hadi kumi, arudie. Makipa ndio wasikose kabisa, maana kazi yao ni kupiga magoti na kutandaza miguu.

Wenye mabinti msilegee. Kikumbo kwao ni marufuku, lakini mtikisiko wa ubongo ndio unaoongoza kwenye mechi zao. Na wachezaji huficha, wavulana kwa wasichana. Kijana mmoja alinijibu vizuri kila swali, huku anafungua na kufunga kamba za kiatu kilekile. Nikamtoa, kanuni ni kwamba ukionyesha dalili unatolewa ukapimwe, na ukikutwa na mtikisiko huruhusiwi kurudi uwanjani siku hiyo; baada ya hapo ni mpaka daktari aruhusu.

Kwa hiyo mpigie simu baada ya mechi, usimuulize kama anaumwa. Muulize goli la pili liliingiaje, uone kama anakumbuka.