Nililala siku 24 kwa ajili ya huu mgongo, gari akapewa mwingine

Mkuu, soma hapa kabla hujatandika huo mkeka. Umesema maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni mpaka unyayo wa mguu wa kushoto, na kuna mzee mtaani kakushauri ulale sakafuni wiki mbili bila kuinuka, unaanza Jumatatu. Ukauliza na dawa, na godoro, na kama ukande maji ya moto au barafu. Hayo mengine yatasubiri. Mkeka rudisha ulikoutoa.

Mimi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma. Siku hiyo nashuka garini pale Mikumi nikapigwa shoti kutoka tako la kulia mpaka kisigino, nikabaki nananing'inia mlangoni kama konda wa daladala. Kufika nyumbani, jirani akaniletea mchua viungo mmoja mwenye kibao cha bati, "Mtaalamu wa Mifupa na Mishipa". Akanibonyeza mara mbili, akaguna, akasema pingili imetoka, nikitembea mshipa utakatika, kwa hiyo nilale chali chini mpaka atakaponiruhusu yeye. Elfu thelathini. Na kila akija kuniangalia nilivyolala, elfu kumi.

Siku 24! Misumari ya bati la chumba kile ipo 212, anayebisha aje tuhesabu. Haja ndogo kwenye ndoo, mke wangu anaimwaga bila kunitazama usoni. Haja kubwa ikagoma siku tano, nikijikamua umeme unashuka mguuni, mwanaume mzima natoa machozi. Wiki ya pili maumivu yakapoa kidogo, nikamsifia mtaalamu mpaka kwa majirani. Ya tatu nikasimama niende kuoga, magoti yakakunja, nikakaa chini puu. Paja limesinyaa, kaptula inanizunguka. Bosi alivumilia wiki mbili, akampa gari kijana niliyemfundisha gia mimi mwenyewe.

Nikampigia mtaalamu. Unajua alisema nini? Eti nilikuwa nageuka usingizini. Yaani hela nimetoa, kulala nimelala, na bado nimelala vibaya!

Hospitali ya serikali ndiyo iliyoniinua. Dada wa fiziotherapia alinigonga magoti na kile kinyundo, akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akauliza nimelala siku ngapi. Nilipomtajia akaweka kalamu mezani. "Baba, nani kakutuma?" Akanichorea nyuma ya karatasi: neva ya siatiki, yaani mshipa wa fahamu unaopita takoni mpaka mguuni, ndiyo nene kuliko zote mwilini, unene wake karibu kidole, na mizizi yake inatoka chini kabisa ya uti wa mgongo. Mara nyingi ni diski, kile kigodoro cha katikati ya pingili, imetokeza ikabana mzizi mmoja. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu, ila wasigande. Yakiwa makali sana, jinyooshe siku moja au mbili, basi. Ukizidisha, misuli inayoshikilia mgongo ndiyo inayokwisha.

Kwa hiyo TEMBEA. Kidogo kidogo, mara nyingi. Mimi nilianza mlangoni mpaka kwenye mwembe, nageuka. Siku ya nne nikafika dukani kwa Mangi, akanipa kiti, nikakataa, maana kukaa ndiko kulikonimaliza. Dakika tano tano, njia ya tambarare, hakuna kubeba dumu. Na sikiliza maumivu yanahamia wapi. Yakitoka unyayoni yakapanda kuelekea takoni, songa mbele, hata kiuno chenyewe kikiuma zaidi. Yakishuka kuelekea vidoleni umezidisha, punguza hatua. Nimesema punguza, sijasema ulale.

Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimeze na njaa kama mimi, nikaongeza vidonda vya tumbo juu ya mgongo.

Utani pembeni kidogo: ukipata ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, choo kikakuponyoka, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, hapo usitembee wala usilale. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na wayo ukianza kuburuza kandambili, usingoje wiki iishe.

Nilirudi barabarani baada ya miezi minne, gari la watu wengine. Pochi siweki tena mfuko wa nyuma, nilikuwa naikalia Dar mpaka Tunduma na risiti zake zote.

Haya, huo mwembe wako uko hatua ngapi kutoka mlangoni? Nenda, ugeuke, halafu rudi hapa uniambie maumivu yamehamia wapi.