Mke wangu hajui kwamba tatizo ni mimi

*Shangazi, nina miaka 34 na ndoa yangu ina miaka minne bila mtoto. Mke wangu alipimwa, hana kasoro. Mimi nimepima shahawa mara mbili kwa siri: hakuna mbegu hata moja. Daktari anataka damu yangu apime vinasaba, lakini naogopa kuambiwa si mwanaume kamili. Mama humsema mke wangu kila siku, nami nanyamaza. Rafiki amenishauri nichome sindano za testosteroni. Nifanyeje?*

Mwanangu, sindano hizo usiziguse. Testosteroni ikiingizwa kutoka nje, ubongo huona imetosha, huacha kuzihimiza korodani, na uzalishaji wa mbegu hudorora au husimama kabisa. Rafiki yako anakupa sumu kwa nia njema.

Sasa hiyo damu. Uanaume haupimwi maabara. Daktari anataka kujua kama kuna mbegu za kutafutwa, na wapi. Huenda kati ya kromosomu zako, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, una X ya ziada, yaani jumla 47 badala ya 46. Takriban mwanaume mmoja kati ya 600 huzaliwa hivyo, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto wakakosa. Hata kati yao wapo ambao mbegu hupatikana ndani ya korodani kwa upasuaji, kisha mbegu moja ikadungwa kwenye yai la mke.

Au kipande cha kromosomu Y kimekatika, na hapo mahali kilipokatika ndipo penye maneno. Likikosekana eneo liitwalo AZFc, mara nyingi bado kuna matumaini ya kupata mbegu. Likikosekana AZFa au AZFb lote, matumaini hayo karibu hayapo, na kupasuliwa ni kuumia bure na kumaliza akiba. Ndiyo maana kipimo hutangulia kisu. Atakayekuharakisha upasuliwe kabla ya majibu, mkimbie.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya nikujibu upesi. Wapo wanaume ambao korodani zao huzalisha mbegu vizuri, ila wamezaliwa bila mirija ya kuzipitisha. Dalili moja ni shahawa kuwa kidogo mno. Tazama ujazo ulioandikwa kwenye majibu yako. Chanzo mara nyingi ni jeni iitwayo CFTR. Ukikutwa na kasoro hiyo, mkeo naye lazima apimwe, kwa sababu akiibeba pia, mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa mzito wa mapafu. Utampeleka kutoa damu kwa kisingizio gani? Na ikiwa ni ile kasoro ya Y, kila mtoto wa kiume atakayetokana na mbegu zako atairithi. Hilo si la kuamua peke yako. Wazee walishasema, mficha uchi hazai, na kwako wala si fumbo.

Basi mwambie mkeo wiki hii, kabla ya damu kutolewa. Atakasirika, na ana haki: amebeba lawama isiyo yake nawe unajua. Usijitetee. Majibu mkayasikilize pamoja, nanyi mjue kwamba wanaume wengi huambiwa hakuna kasoro ya vinasaba iliyoonekana, na sababu ikabidi itafutwe kwingine.

Mama naye huhitaji kumweleza habari za kromosomu. Mwambie, "Mama, mke wangu amepimwa, hana tatizo. Tafadhali usimseme tena." Useme hayo mkeo akiwa anasikia.