Wadogo zangu wa piano, vidole vyenu vitawauza

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya jukwaa, dogo mmoja anajiandaa na risaitali yake ya kwanza, yaani onyesho la kupiga peke yake, nikamuuliza umeshika kichwani? Akanijibu bila wasiwasi, "vidole vinajua vyenyewe." Aisee nilinyamaza tu, maana hayo maneno niliwahi kuyasema mimi. Akaenda, akapotea mara mbili kwenye fyuga, kile kipande ambacho sauti zinaingia moja moja na kufukuzana. Kwa hiyo naandika, japo najua nusu yenu mtasoma huku mnakimbiza skeli za mazoezi.

1. Fingaringi, yaani kidole gani kinapiga noti gani, iandike kwa penseli, na usiibadilishe wiki ya konsati. Tumemaliza hiyo.

2. Kushika kichwani. Hapa tukae. Kwanza kupiga bila noti sio amri kutoka mbinguni, ni wapiga piano akina Clara Schumann na Liszt karne ya 19 ndo walioieneza, na Clara mwenyewe alisemwa kwamba anajidai. Richter, gwiji wa piano, uzeeni akarudi kupiga na noti mbele yake, ukumbi giza, taa ndogo tu inawaka, na nani alimwita mvivu? Lakini nyie hamtaki noti, haya.

Na mimi sikutaka. Nilikuwa napiga sonata ya Waldstein ya Beethoven, muvumenti (sehemu) ya kwanza, miezi miwili sijafungua kitabu. Ekspozisheni, pale nyimbo zinapotambulishwa, safi, divelopmenti, pale zinapogeuzwa-geuzwa, safi, nikaingia rekapu, pale zinaporudi, najiona mfalme. Sasa mnajua pale, ekspozisheni inakupeleka ngazi ya E meja kwenye ule wimbo uliotulia kama wa kanisani, ila rekapu inatakiwa ikutoe kwenye ngazi ya A meja. Njia panda. Vidole vikakata kona viliyoizoea, nikajikuta E meja tena, mikono inaimba vizuri kabisa na mimi jasho linashuka mgongoni. Kichwa kinasema rudi, vidole havijui kurudi, vinajua kwenda mbele tu. Na njia ya E meja inaangukia divelopmenti, nikaipiga yote mara ya pili jamani, najua kabisa kinachonipata, kama abiria aliyepitishwa kituo na dereva hasikii. Kilichonitisha zaidi ni kwamba ile njia panda ilikuwa inakuja tena na bado sikuwa najua inapitwaje, nilikuwa naomba tu. Nikakamata besi ya mkono wa kushoto kwa kubahatisha, nikatokea A meja. Makofi mengi, mama mmoja akaja kuniambia amependa nilivyoirefusha. Fundi aliyetyuni piano alikuwa kakaa pembeni, akanitazama akasema "leo umezunguka sana," akaendelea kukusanya vifaa vyake. Usiku ule nililala na nguo za konsati. Miaka imepita na mpaka leo nikifika pale tumbo linakaza.

Dawa yake inachosha na haina ujanja: anzia katikati, piga kushoto peke yake, kila panapofanana na pengine ujue panatofautiana noti gani. Mpiga piano Maria João Pires aliwahi kukaa mbele ya orkestra Amsterdam, wakaanza koncheto (kipande cha piano na orkestra) ya Mozart, ile ya D maina, wakati yeye kajiandaa na nyingine, na bado akaipiga. Huyo alikuwa nayo kichwani. Vidole peke yake visingefika hata ukurasa wa kwanza.

3. Wahi ukaijaribu piano ya ukumbi. Mpiga violini anakuja na yake, wewe unapewa unayoikuta. Ukikutana na Bösendorfer Imperial ina keyi 97 badala ya 88, zilizoongezwa ziko chini kushoto, na kama jicho lako huwa linapima kwa mwisho wa keyi basi utaruka kwenye besi utue kwa jirani.

4. Mkono ukiuma, ACHA. Mpiga piano Leon Fleisher mkono wa kulia ulimgomea miaka ya 1960 akiwa juu kabisa, miaka na miaka akabaki na vipande vya mkono wa kushoto, ikiwemo koncheto ambayo mtunzi Ravel alimwandikia mpiga piano Paul Wittgenstein aliyepoteza mkono wa kulia vitani. Wewe huna Ravel anayekusubiri.

Yule dogo nilimwita jana, nikamwambia haya niingizie fyuga pale sauti ya tatu inapoingia. Akaweka mikono, akaitoa, akakuna kichwa, kisha akaniambia, "ngoja kaka nianzie mwanzo."