Nyota tano za gari gani?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tunaishi Tanga, watoto watatu, na kila likizo tunapanda Moshi kwa wazee. Yadini tumeonyeshwa Nissan X-Trail na Subaru Forester, zote za 2013, zote zimetoka Japani. Muuzaji anaapa kila moja ina "nyota tano za Ulaya". Tumwamini? – Mama Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa X-Trail, hapana. Nyota tano za Euro NCAP, wale wapima usalama wa magari wa Ulaya, ni za 2014, za umbo la T32 lililoingia sokoni Japani Desemba 2013. Soma namba ya chesisi. Ukiona T31 ndani yake, basi ni umbo lililopimwa 2007 likapata nyota nne, tena kwa mtihani wa enzi hizo. Forester yenye SJ ilipata tano zake mwaka 2012, hapo kasema kweli. Ikiwa ni SH, ni toleo lililotangulia.

Mimi nimekadiria hasara za magari ya bima miaka mingi, na ajali ninayoiogopa kwenye barabara zetu ni ile ya mtu kuovateki, mnakwepana, lakini kona za mbele zinakutana. Wamarekani wa IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima, huipima hiyo: robo tu ya uso wa gari inagonga ukuta kwa kilomita 64 kwa saa. Vyuma vikuu vya mbele havipokei kishindo sawasawa, kinapita kwenye tairi hadi miguuni mwa dereva. Mei 2013 walitoa matokeo ya gari 13 za jamii hiyo, na iliyopata alama ya juu kabisa ni Forester peke yake. Ila usishangilie sana. Mwaka 2016 waligonga upande wa abiria, na Forester hiyohiyo ikashuka madaraja mawili. Na gari zao usukani uko kushoto, kwa hiyo upande wa abiria wao ndio wa dereva kwenu.

Hayo yote ni ya gari jipya. Lako lina zaidi ya miaka kumi, na hapo ndipo watu wanapolizwa. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya mifuko ya hewa iwake, halafu izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeificha. Wengine wanaiunganisha na taa ya oili ili zizime pamoja, kwa hiyo mlete fundi umeme mwenye mashine asome kompyuta ya mifuko yenyewe. Vuta kila mkanda hadi mwisho. Ukigoma, au ukikuta tope ndani, ondoka. Wa katikati nyuma uwe wa kupita begani, maana watoto ni watatu.

Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Kijapani, nayo uiulizie, hasa mkiangukia SH au X-Trail kuukuu ya T30. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, na Tanga mnavyo vyote viwili. Ikilipuka vibaya inarusha vipande vya chuma. Tovuti za Kijapani za watengenezaji zinakuonyesha kwa namba ya chesisi kama gari liliitwa kurekebishwa, na kama lilirekebishwa.

Mwisho, dai karatasi ya mnada wa Japani. Daraja likiwa R au RA, liliwahi kugongwa likatengenezwa. Karatasi ikiwa safi na taa ikizima vizuri, chukueni Forester. Akisema karatasi imepotea, nenda yadi ya pili.