Tela Nalo Lina Breki na Matairi

Katika miaka niliyoendesha, na baadaye kusimamia, malori yanayobeba makontena kutoka bandari ya Mombasa, nimeona kichwa cha lori kikibadilishwa oili na kusikilizwa kila mlio, huku tela likiunganishwa tu na kuondoka. Halina injini, kwa hiyo hakuna anayelisikiliza. Lakini sehemu kubwa ya mzigo imelala juu yake, na breki zake zikilegea, za kichwa hulazimika kuzuia gari zima mpaka zipate moto na kuacha kushika. Kwa hiyo, ukipewa tela usilolijua kwenye yadi ya Changamwe au Miritini, likague kana kwamba hakuna aliyelitazama kabla yako.

Anza na upepo, ambao ndio unaoendesha breki za malori haya. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na kompresa, yaani pampu ya upepo, inapoibana, maji hubaki kwenye matangi, yakala valvu kwa kutu na kupunguza nafasi ya upepo. Yatoe kila siku, ukikumbuka matangi yaliyo chini ya tela, ambayo ndiyo husahauliwa zaidi. Yakitoka yamechanganyika na oili, kompresa imeanza kuchakaa. Kisha jaza upepo, zuia magurudumu kwa vigingi, achia breki ya kuegeshea, zima injini, ukanyage breki na kuishikilia. Upepo ukishatulia, mimi sikubali upungue zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kwa dakika moja.

Breki zinazojirekebisha zenyewe zimewadanganya wengi. Zikilegea, fundi huzikaza kwa spana na gari huondoka likiwa zuri, ilhali kifaa cha kujirekebisha kimekufa au bushi zimekwisha, na baada ya muda mfupi ulegevu unarudi. Mwambie atafute sababu, hata kama mwenye mzigo anapiga simu.

Kuhusu matairi, sitaki kusikia habari ya kuyagonga kwa chuma. Mlio utakuonyesha tairi lililokwisha upepo kabisa, lakini lililopaswa kuwa na psi 110 na sasa lina 85 litalia kama mengine. Nunua geji, upime asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi la ndani kwenye magurudumu pacha ndilo lenye taabu, kwa sababu valvu yake haifikiki kwa urahisi. Likipungukiwa upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili, na lile lililolegea hujikunja mfululizo hadi joto lipasue kuta zake huko Taru, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Ukipima njiani ukakuta upepo umezidi, usiupunguze, kwani ni joto la safari, na tairi likipoa litakuwa chini ya kipimo.

Gurudumu lililofunguliwa gereji linahitaji nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na kwa anayepanda bara, Mackinnon Road panafaa. Hapo hapo, pitisha mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa. Kilicho moto kuliko vingine kina breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa. Kilichobaki baridi huku vingine vikiwa na joto, breki yake haifanyi kazi, na gari hilo lisirudi kuteremka mteremko wa Mazeras kuelekea Mombasa kabla fundi hajaifungua.