Miguu inakwisha kilomita ya saba

SWALI: Nina shindano la kilomita 10 baada ya wiki tano, na nusu marathoni wiki tatu baadaye. Nakimbia mara tatu kwa wiki, safari ndefu ni kilomita 12. Kila shindano naanza vizuri, lakini nikifika kilomita ya saba miguu inakwisha. Nirekebishe nini?

JIBU: Tatizo lako linaanza kilomita ya kwanza. Ukitoka kwa kasi inayozidi uwezo wako, misuli hutoa laktati (kemikali inayotokea misuli ikifanya kazi kwa nguvu) haraka kuliko mwili unavyoweza kuitumia, na hapo nafuu haipatikani bila kupunguza mwendo. Ukilenga dakika 60, kilomita mbili za mwanzo zikimbie kwa dakika 6 na sekunde 10 (6:10) kila moja, kisha shika 6:00. Utapitwa na wengi, waache waende. Sekunde hizo 20 utazirudisha baada ya kilomita ya saba.

Mara moja kwa wiki kimbia vipande vitano vya kilomita moja kwa 6:00, ukitembea dakika mbili katikati.

Safari ndefu iwe 13, 15, 17, kisha 12 wiki ya nne, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima. Wengi huiharakisha, wakafika siku ya vipande wakiwa wamechoka. Baada ya shindano la kwanza, siku nne ni za mwendo wa polepole tu, halafu 18 mwisho wa wiki. Wiki inayofuata rudi 12.

Viatu vipya? Kimbia navyo angalau kilomita 40 kabla ya shindano.