Uliza Fundi: Tunaenda kukarabati kigango, tubebe nini?

SWALI: Fundi habari za kazi. Sisi vijana wa parokia moja hapa Dar, kama ishirini hivi, Pasaka tunataka kwenda kujitolea kwenye kigango cha misheni Songea vijijini. Kuna darasa na nyumba ya mwalimu, bati zinavuja kuta zimechakaa, tumeshachangisha hela ya rangi. Mafundi kwetu ni wawili tu wengine nguvu kazi. Tubebe nini?

JIBU: Salama mwenyekiti, hongereni ila Pasaka hapana jamani. Ruvuma mvua inaanza kama Novemba au Desemba inaenda mpaka Aprili, sasa we ezua darasa mwezi wa nne halafu mvua ikukute katikati, madawati na vitabu vyote vinaloa na mwalimu anahama kwa sababu yenu. Nendeni Juni shule zikifungwa, kukavu.

Hiyo rangi wekeni pembeni kwanza, ukuta unaovujiwa ukipaka leo kesho unabanduka. Anzeni juu. Mara nyingi bati lenyewe bado zima tatizo ni misumari, mtu kapiga kwenye bonde badala ya mgongo, na maji yanapita bondeni, lazima yaingie tu! Kama mnanunua jipya angalieni geji, 28 ni nene kuliko 30, wengi wanadhani namba kubwa ndo nzito wanapigwa dukani. Na mbao ziwe zenye dawa, mchwa wa kule hawachagui kenchi ya kanisa wala ya baa. Ila mkikuta paa la asibesto, yale ya saruji ya kijivu, msitoboe msikate msivunje, vumbi lake linaharibu mapafu, waambieni misheni watafute wanaojua kuyatoa.

Sasa watu ishirini kwa darasa moja kwangu ni wengi mno, kilomita zaidi ya 900 kwenda na zingine kurudi, hiyo nauli ni bati ngapi? Pelekeni nane, inayobaki nunueni vifaa na mlipe mafundi wa hukohuko. Peramiho, misheni ya hukohuko karibu na Songea, watawa Wabenediktini walifika tangu 1898 na ufundi umefundishwa pale miaka mingi, waashi na maseremala wapo, nyie muwe saidia fundi, mchanganye udongo mbebe tofali. Tena ikivuja baada ya nyie kuondoka mtu wa kuitwa yupo.

Kabla ya kununua chochote mpigieni katekista au mwalimu mkuu, muulize wanachotaka wao. Inawezekana choo ndo kimejaa na hakuna aliyewaambia.

Kingine watu wanasahau kabisa, lipu na zege vinataka kumwagiwa maji kama siku saba, nyie mnaondoka siku ya tatu, kwa hiyo kabla ya kupanda basi kubalianeni nani atamwagia na mapipa ya maji yajazwe. Na masweta mbebe, Songea Juni baridi yake si ya kitoto.